Gonza na Nyumba Isiyoisha

Huyu ni Kokugonza. Jina lake ni refu, kwa hiyo watu wote humwita Gonza.

Gonza anakaa juu ya kilima, katikati ya migomba. Ana mama, ana baba, ana bibi, na ana mdogo wake anayeitwa Rwiza.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa na nyumba.

Nyumba ilikuwepo. Kisha siku moja mchana, wote wakiwa shambani wanachuma kahawa, ardhi ilinguruma. Grrrrrr.

Halafu ikatikisika. Tiki-tiki-tiki-tiki. Migomba ilicheza, na upepo haukuwepo.

Walipofika nyumbani, ukuta mmoja ulikuwa umelala huku. Ukuta mwingine ulikuwa umelala kule. Mabati yalikuwa yamelala juu ya vitanda.

"Ni tetemeko la ardhi," alisema Baba. "Tushukuru hatukuwa ndani."

Mama aliweka kapu la kahawa chini. Alizunguka, akatazama pembe za nyumba, pale kuta zilipokuwa zimekutana. Akazunguka tena.

Mama yake Gonza ni fundi mwashi. Anajenga nyumba za watu. Lakini ile hakuijenga yeye. Aliikuta imesimama siku aliyoolewa.

"Hii inayokuja nitaijenga mimi," alisema Mama. "Na haitalala chini."

Basi wakahamia chini ya turubai la bluu.

Siku ya kwanza Gonza alifurahi. Ilikuwa kama mchezo.

Siku ya pili mchezo uliisha.

Mvua ikinyesha, turubai lilipiga kelele. Ta-ta-ta-ta-ta. Jua likiwaka, turubai lilinuka kama ndala iliyosahauliwa karibu na jiko.

Wakilala, Rwiza alirusha miguu. Pu, kwenye mbavu za Gonza. Pu, tena. Rwiza ni mdogo, lakini visigino vyake ni vigumu kama mawe.

Na kulipokucha aliingia kuku. Alikuwa kuku wa Bibi, mwekundu, asiye na adabu. Alipanda juu ya mto wa Gonza, akajizungusha, akajipanga vizuri, akataga yai.

"Mshukuru," alisema Bibi. "Amekuletea yai."

Gonza hakutaka yai. Gonza alitaka nyumba.

Alikwenda kumtafuta Mama. Mama alikuwa ndani ya mtaro mrefu, anachimba msingi. Kilichoonekana ni kilemba chake tu.

"Mama, tunahamia leo?"

"Bado kidogo," alisema Mama.

Gonza alivuta pumzi yote, akaitoa yote. Fyuuuuu.

"Lakini Mama, mtaro huu unatosha. Hata ng'ombe anaingia."

"Udongo wa juu ni laini," alisema Mama. "Nataka nyumba ikanyage udongo mgumu."

Akaendelea kuchimba. Chaku. Chaku. Chaku.

Baba alileta mawe. Mama aliyapanga, akayashindilia, akayajaza zege. Zege ni saruji na mchanga na kokoto na maji, vikichanganywa vizuri kama uji mzito. Likikauka linakuwa jiwe.

"Mama, tunahamia leo?"

"Wapi, mwanangu? Juu ya msingi? Bado kidogo."

Fyuuuuu.

Ng'ambo ya njia, Baba Asimwe naye alikuwa anajenga. Nyumba yake nayo ilianguka siku ile ile.

Asimwe ni rafiki yake Gonza. Baba yake Asimwe ni mtu wa haraka. Anakula haraka, anatembea haraka, na anajenga haraka. Matofali yake yalipanda, yakapanda, yakapanda.

Matofali ya kwao Gonza hayakupanda. Kwanza Mama alitaka nguzo.

Kila pembe ya nyumba, Mama alisimamisha nondo. Nondo ni vyuma virefu, vyembamba, vigumu kukunja. Alizizungushia pete za chuma, moja juu ya nyingine, karibu karibu, akazifunga kwa waya.

Baba alimsaidia. Alifunga pete moja, akafunga nyingine, akajifuta jasho.

Mama alipita nyuma yake. Akasimama. Akainama. Akatazama.

"Baba Gonza, hii pete umeifungaje?"

"Kama zile nyingine."

"Zile nyingine nimezifunga mimi."

Baba alijifuta jasho tena.

"Ncha zake ziingie ndani," alisema Mama. "Zikikaa nje, nyumba ikitikisika pete inafunguka. Pete ikifunguka, nondo zinapinda."

Akafungua pete za Baba. Zote. Akaanza upya.

Fyuuuuu, alifanya Gonza.

Fyuuuuu, alifanya Baba.

Halafu kuta zikaanza kupanda. Ko, ko, ko, Mama aligonga tofali kwa mpini wa mwiko. Alipima. Akagonga. Akapima tena. Gonza alikaa juu ya karai lililogeuzwa, akishika tama.

"Chumba changu ni kipi?" aliuliza.

"Unakikalia."

Gonza alisimama, akatazama. Kilikuwa chumba kidogo, chenye kuta za kufika magotini. Alikipenda papo hapo.

"Dirisha langu liwe hapa pembeni," alisema. "Nikiamka niione barabara. Nimwone Baba akirudi sokoni."

"Hapo hapana," alisema Mama.

"Kwa nini?"

"Pembe ndiyo inayoshika kuta mbili. Tukiitoboa, itashika na nini? Dirisha litakuwa hapa, katikati."

Gonza alikwenda kusimama katikati. Alitazama nje.

Aliona choo cha Baba Asimwe.

Hapo hakufanya hata fyuuu. Alikaa chini, akakunja mikono mpaka wakati wa kula. Na walipompa ndizi na maharage, alikula huku amekasirika.

Siku kuta zilipofika juu ya madirisha, Asimwe alikuja mbio.

"Sisi tumehamia," alisema. "Tumepaka rangi ya waridi. Na mimi nina dirisha kubwa pembeni. Ninaona barabara yote."

"Hongera," alisema Gonza. Lakini alilisema kwa shida.

Nyuma ya Asimwe alikuja baba yake, kusalimia.

"Mama Gonza, bado tu mko kwenye turubai?"

"Bado, Baba Asimwe. Nawe juu ya kuta zako, ulifunga mkanda?"

Baba Asimwe alicheka. "Mama Gonza na mkanda wako. Kwani nyumba ni suruali?"

Bibi alicheka. Baba alicheka kidogo, halafu akamwona Mama, akaacha.

Mama hakucheka. "Nilikwambia ulipoanza kujenga, nakwambia na leo," alisema. "Ufunge mkanda. Nitakuja kukusaidia mwenyewe."

"Nitafunga, nitafunga," alisema Baba Asimwe. Akaondoka haraka.

Mama alimtazama akienda. Akavuta pumzi yote, akaitoa yote. Fyuuuuu. Ilikuwa fyuuu ndefu kuliko zote za Gonza.

Siku hiyo, Gonza alisema moyoni, "Imetosha."

Alichukua mkeka wake. Alichukua mto wake. Alimtoa kuku juu ya mto. Akavuka uwanja, akaingia katika chumba chake kisicho na mlango wala paa, akatandika mkeka.

"Nimehamia," aliwatangazia.

Baba alichungulia kwenye dirisha. "Karibu nyumbani, mama. Umefika salama?"

"Nimefika."

"Na hilo wingu umeliona?"

Gonza alitazama juu. Wingu lilikuwa kubwa, jeusi, na lilikuwa limekaa juu ya chumba chake kabisa.

Tone la kwanza lilianguka puani. Pwa. La pili likaanguka jichoni. Pwa. Halafu yakaja yote pamoja.

Gonza alirudi chini ya turubai akiwa na mkeka umelowa, mto umelowa, na nguo zimelowa. Kuku alikuwa amekaa mahali pake, mkavu.

Hapo Gonza akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia wakichoka kabisa.

"Asimwe ana nyumba. Sisi hatuna. Mama anajua kujenga lakini hajengi. Anafunga na kufungua, anafunga na kufungua. Mimi nimechoka."

Mama aliweka mwiko chini. Alikuja, akamvua Gonza nguo zilizolowa, akamfunga kanga kavu. Na yeye alikuwa amechoka. Mikono yake ilikuwa na saruji mpaka kwenye viwiko.

"Unaniuliza kabla ya chai," alisema Mama. "Unaniuliza baada ya chai. Unaniuliza nikiwa juu ya ngazi. Sasa njoo, leo nikujibu vizuri. Bibi, tuazime sinia lako."

Bibi alitoa sinia la kuchagulia mchele. Mama aliokota vibao, akavisimamisha juu ya sinia. Kimoja huku, kimoja kule, viwili ubavuni. Ikawa nyumba ndogo.

"Hii ni nyumba yetu ya zamani," alisema Mama. "Wewe ni tetemeko. Haya, tikisa."

Gonza alifuta machozi. Alishika sinia, akatikisa. Tiki-tiki-tiki.

Kibao kimoja kikaanguka huku. Kingine kikaanguka kule. Vingine vikafuata.

"Umeona?" aliuliza Mama. "Ardhi ikicheza, kila ukuta unakwenda kivyake. Huu unataka huku, ule unataka kule. Hakuna anayemshika mwenzake."

Rwiza alipiga makofi. Alitaka vianguke tena.

Mama alivisimamisha vibao upya. Akachana kamba kwenye mgomba, akaizungusha kwa juu, kibao kwa kibao, pembe kwa pembe, akaifunga kwa nguvu.

"Sasa tikisa."

Gonza alitikisa. Tiki-tiki-tiki. Nyumba ndogo iliyumba. Iliyumba huku, ikayumba kule. Haikuanguka.

Gonza alitikisa zaidi. Tiki-tiki-tiki-tiki-tiki. Alitikisa kwa hasira zake zote, za turubai, za kuku, za dirisha, za rangi ya waridi.

Nyumba ndogo iliteleza juu ya sinia. Iliyumba. Lakini haikuanguka.

Mama akasema polepole:

"Kuta zishikane mikono,
nyumba isimame."

Gonza aliigusa ile kamba kwa kidole.

"Huu ndio mkanda?"

"Ndio mkanda. Kamba yetu itakuwa ya nondo na zege. Itazunguka nyumba nzima, juu ya madirisha, bila kukatika mahali."

Gonza alifikiri. "Sasa kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

Mama alikwangua saruji kiwikoni.  "Nilikuwa nachimba," alisema.

Kulipokucha, kazi iliendelea. Sasa Gonza aliipeleka mbele. Alimpelekea Mama waya. Alimkagua Baba.

"Baba, hii pete umeifungaje?"

"Jamani, nawe?" alisema Baba. Lakini aliitazama tena, akaikunja ncha ndani.

Wakamwaga zege la nguzo, kisha la mkanda. Likazunguka nyumba nzima, pembe kwa pembe, ukuta kwa ukuta. Gonza alizunguka nalo chini, akiimba:

"Kuta zishikane mikono,
nyumba isimame."

Jioni alimkimbilia Mama. Uso wake uling'aa.

"Mkanda tayari. Tunahamia leo?"

"Bado kidogo," alisema Mama.

Gonza hakuamini masikio yake.

"Zege likikauka haraka linapasuka," alisema Mama. "Lazima linywe maji. Leo linywe, kesho linywe, kesho kutwa linywe, mpaka likomae."

Basi Gonza akapewa kopo. Kila asubuhi alichota maji, akampa Baba juu ya ngazi, na Baba akamwagilia mkanda. Gonza mwenyewe alimwagilia nguzo, pale mkono wake ulipofika. Shwaa. Shwaa. Kila jioni wakarudia.

"Mchicha nikiumwagilia unaota," alimwambia Bibi. "Nyumba hii haioti."

"Itaota mabati," alisema Bibi.

Na kweli, ikaota mabati. Mama hakutaka paa zito. Alipanda juu, akafunga mbao kwenye vyuma vilivyotoka ndani ya mkanda, akapiga mabati. Nga. Nga. Nga.

Halafu akashuka. Akaweka nyundo chini. Akazunguka nyumba. Akazunguka tena.

Gonza alikuwa amesimama mlangoni na mto wake. Hakuuliza. Alikuwa amechoka kuuliza.

"Unangoja nini?" alisema Mama. "Ingia."

Gonza aliingia.

Sakafu ilikuwa baridi chini ya miguu. Kuta hazikuwa na rangi bado. Palinuka saruji na mbao mpya. Gonza aliweka mto wake juu ya kitanda chake, katika chumba chake. Akatoka, akafunga mlango kabla kuku hajafika.

Wakubwa walikuwa nje bado, wakikusanya vitu vya kuingiza. Sufuria. Viti. Gunia la maharage. Meza kubwa ya Bibi ilikuwa imeshaingia sebuleni, na Rwiza alikuwa ameshaingia chini ya meza.

Meza hiyo Gonza aliijua vizuri. Mama alikuwa amewafundisha: ardhi ikicheza mkiwa ndani, ingieni chini ya meza, mkinge vichwa, mshike mguu wa meza. Aliwarudisha chini ya meza hiyo mara nyingi sana, hadi Gonza akasema, "Tumeshajua, Mama, tumeshajua."

Rwiza alitoka chini ya meza. Alikuwa ameona mpira wake mlangoni.

Na hapo ardhi ikanguruma.

Grrrrrr.

Gonza aliisikia kwenye nyayo kwanza. Halafu tumboni. Halafu masikioni.

"Rwiza," aliita. "Rudi."

Rwiza hakurudi. Alisimama katikati ya sebule na kidole mdomoni.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

Gonza alimshika fulana, akamvuta. Wakaingia chini ya meza. Alimkumbatia Rwiza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika mguu wa meza.

Vikombe viliruka. Pasha. Mlango ulijipiga. Ba, ba, ba. Mabati yalilia, nge-nge-nge-nge. Nyumba nzima iliyumba. Iliyumba huku. Ikayumba kule.

Gonza alifumba macho. Aliona vibao juu ya sinia. Aliona kamba ya mgomba. Akasema sikioni mwa Rwiza, haraka haraka:

"Kuta zishikane mikono,
nyumba isimame.
Kuta zishikane mikono,
nyumba isimame."

Nyumba ilitoa mlio. Kriiii.

Halafu kimya.

Gonza alifumbua jicho moja. Ukuta wa huku ulikuwa umesimama. Ukuta wa kule ulikuwa umesimama. Akafumbua jicho la pili. Paa lilikuwa juu, mahali pa paa.

Mama aliingia mbio. Kilemba kilikuwa kimemtoka. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akawakumbatia wote wawili kwa nguvu mpaka Rwiza akalalamika.

"Tena," alisema Rwiza. "Nyumba icheze tena."

"Hapana," walisema Gonza na Mama pamoja.

Walitoka nje, wakakaa uwanjani, mbali na kuta, mpaka ardhi ilipotulia. Ndipo walipotazama ng'ambo ya njia.

Nyumba ya waridi ilikuwa imefunguka pembeni, pale kwenye dirisha kubwa. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala njiani. Vumbi lake lilikuwa la waridi.

"Asimwe," alisema Gonza. 

Mama na Baba walikimbia. Gonza alitaka kukimbia, lakini Bibi alimshika mkono. 

Walingoja. Ilikuwa ngoja ngoja mbaya kuliko zote. Hakuna hata mtu aliyefanya fyuuu.

Halafu Asimwe akatokea, kutoka upande wa kisimani, na mama yake na baba yake na ndoo zao. Walikuwa wamelowa, kwa sababu maji yote yalikuwa yamemwagika. Lakini wote walikuwa wazima.

Gonza alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili. Hakumwachia.

Baba Asimwe alisimama mbele ya nyumba yake. Alisimama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza, hakuwa na haraka.

"Mama Gonza," alisema. "Uliniambia."

Mama alikuwa na maneno. Gonza aliyaona yakija. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

Lakini Mama aliyameza. Alimtazama Asimwe aliyelowa. Akafungua mikono.

"Njooni kwetu," alisema. "Vyumba vipo. Kesho tutaanza kuchimba, mimi na wewe. Safari hii utachimba ninavyotaka mimi."

"Nitachimba," alisema Baba Asimwe.

"Polepole."

"Polepole," alisema Baba Asimwe.

Bibi alipika ndizi kwenye sufuria kubwa. Walikula wote pamoja sebuleni. Mama alizunguka na taa, akikagua kila pembe. Karibu na mlango, kwenye plasta, aliona ufa mwembamba kama unywele. Aliupitisha kidole.

"Huu nitauziba," alisema. Akaenda kula.

Halafu ikaja saa ya kulala.

Gonza alikuwa amekingoja kitanda hiki tangu zamani. Aliota atakavyojinyoosha, mikono huku, miguu kule, peke yake kabisa.

Alipanda. Akajinyoosha.

Asimwe akapanda upande wa kulia.

Rwiza akapanda upande wa kushoto, na visigino vyake.

"Sogea," alisema Asimwe.

"Nimeshasogea," alisema Gonza.

"Sogea tena."

Pu, kwenye mbavu.

Gonza alilala kwa ubavu, katikati, amebanwa kama ndizi kwenye chane. Alitazama mabati. Alitaka kukasirika. Alijaribu.

"Gonza," alinong'ona Asimwe. "Hapa dirishani ninaona choo chetu. Bado kimesimama."

Gonza alicheka. Asimwe naye akacheka. Walicheka mpaka kitanda kikatikisika, na Bibi akagonga ukuta kutoka chumba cha pili.

Kisha kicheko kikapungua. Kikawa kidogo. Kikaisha.

Nje mvua ilianza kunyesha juu ya mabati. Taratibu. Taratibu.

Baadaye kidogo, ardhi ikajigeuza tena, kama mtu anayetafuta pazuri pa kulalia. Tiki. Tiki. Basi.

Mama aliinuka, akaja na taa mpaka mlangoni, akachungulia.

Asimwe alikuwa amelala. Rwiza alikuwa amelala. Gonza alikuwa amelala katikati yao, mdomo wazi, mguu wa Rwiza ukiwa juu ya shavu lake. Hakuna hata mmoja aliyeamka.

Mama aliweka kiganja chake ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia.

Akazima taa, akarudi kitandani. Naye akalala.